Mwanza hadi Mumbai: saa sita za kwenye karatasi

Kwenye kompyuta ya ofisini kwetu, Dar es Salaam hadi Mumbai ni mstari mmoja tu: DAR–BOM, kilomita kama 4,680, saa sita hivi. Kazi yangu ni kukata tiketi, hapa hapa Mwanza mjini, na wateja wanaopeleka wagonjwa India hawakosi. Wote wanauliza saa ngapi, na wote nawajibu hivyo hivyo: sita, ongeza moja na kitu ya kufika Dar. Mwezi wa saba ilikuwa zamu yangu kupanda. Mjomba wangu wa Ukerewe, aliyewahi kuwa nahodha wa boti za mizigo, alikuwa anakwenda kubadilishiwa goti, na wanawe wakaamua nimsindikize mimi kwa sababu "wewe unajua mambo ya ndege". Nikawa naandika kwenye simu kila tulipofika.

Jumanne, Mwanza

Mjomba aliingia jana na meli ya Nansio, saa tatu na ushee ziwani. Kaja na begi moja, fimbo, na mfuko wa dagaa uliozungushiwa gundi ya karatasi mpaka hauonekani ni mfuko wa nini, ingawa harufu inasema yenyewe. Dagaa ni wa binti yake wa Dar. Nikashukuru kwamba hawavuki bahari.

Jioni tukakaa mezani na karatasi. Viza yake ni ya matibabu, yangu ya msindikizaji wa mgonjwa. Barua ya hospitali, vipimo, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vyote mfuko mmoja wa plastiki. (Goti hubadilishwa hata MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Wanawe wameamua India, wanalipa wao, mimi sikuulizwa.)

Mjomba si mtu wa kuambiwa "ni mbali" akaridhika.

"Maili ngapi?" Alimaanisha za majini.

"Kama elfu mbili mia tano na thelathini, mjomba."

"Na hiyo ndege inakwenda maili ngapi kwa saa?"

"Ikishatulia juu, kama mia nne na themanini."

Akavuta gazeti, akagawa kwa kalamu pembeni. "Saa tano na robo. Sasa wewe sita unazitoa wapi?"

Hilo wateja hawaniulizi. Nikamweleza. Kilomita zile 4,680 ni za njia fupi kuliko zote juu ya mviringo wa dunia, ile unayoipata ukivuta uzi juu ya tufe kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Ndege haipati kupita juu ya uzi huo moja kwa moja. Inapaa kuelekea upepo unakotoka, hata kama India iko upande mwingine, kisha inageuka. Inafuata vituo vya angani ambavyo waongoza ndege wamevipanga. Dakika ishirini na kitu za mwanzo inapanda, haijashika mwendo wake. Na karibu kilomita 200 kabla ya kufika inaanza kushuka na kupunguza. Halafu kuna la zaidi: saa za kwenye tiketi hazihesabiwi kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi. Zinaanza ndege inapoachia maegesho, zinaishia inapoegeshwa. Kutambaa kwenda njia ya kurukia, kusubiri foleni ya ndege nyingine, vyote vimo. Na mashirika mengi hutia akiba kidogo juu yake, ili ndege ikichelewa robo saa ihesabike imewahi. Mimi hiyo akiba huwa siipendi, lakini ndiyo biashara.

"Kwa hiyo ni ziwa letu mara ngapi?"

Ziwa Victoria, kutoka ncha ya kusini hadi kaskazini, ni kama kilomita 337. Nikagawa mimi safari hii: karibu mara kumi na nne. Akatikisa kichwa, sasa ameipata.

Kilichomuuma ni kwamba Dar iko kusini mashariki kwetu na Mumbai iko kaskazini mashariki. Kama ingekuwepo ndege ya kutoka Mwanza moja kwa moja, ingekuwa kama kilomita 4,980. Kupitia Dar zinafika 5,530. "Tunazunguka bure." Nikamwambia kilomita 550 angani hazifiki saa moja, asizihurumie. Kitakachotula ni kule kusubiri.

Jumatano, Mwanza hadi Dar

Kirumba, Pasiansi, mpaka uwanjani. Kwenye tiketi ya mjomba nilishaweka WCHS, alama ya abiria anayeweza kutembea hatua chache lakini ngazi hapandi. Ziko tatu: WCHR ni wa ngazi anazimudu, WCHC ni wa kubebwa mpaka kitini. Ukikosea herufi moja ya mwisho, mgonjwa anafika chini ya ndege anakuta ngazi na hakuna mtu wa kumsaidia. Tulikuta vijana wawili na kiti chembamba cha magurudumu, wakamkaza mikanda, mmoja mbele mmoja nyuma, ngazi moja moja. Mjomba alikuwa anawapa amri kama anapakia shehena.

Uwanja wa Mwanza uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, na mchana wa joto ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuondoka. Sisi tuliondoka jioni, ziwa likatokea dirishani pamoja na mawe yote ya Mwanza, kisha mawingu. Kilomita kama 850. Rubani alisema saa moja na dakika kumi angani na ikawa hivyo. Kwa basi, barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na anayeijua hataki kukumbushwa.

Tulitua Dar saa moja kasorobo, giza limeshaingia. Mjomba akampigia shangazi Nansio. Alipomaliza alinigeukia: "Kule bado wanaanua dagaa. Jua wanaliona."

Ndivyo ilivyo. Nchi nzima tunatumia saa moja, iliyopangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao hata hauigusi Tanzania. Dar iko kwenye nyuzi 39, Mwanza 33, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Ndiyo maana jua la Mwanza linachelewa kuchomoza na linachelewa kuzama. Mwezi wa saba Dar inapungukiwa zaidi kidogo kwa kuwa iko kusini, na mchana wake ni mfupi wakati huo. Mjomba alifurahi kuliko nilivyotarajia. Amekaa miaka yote akidhani watu wa Dar wanalala mapema.

Alhamisi, Dar hadi Mumbai

Ndege ni saa kumi na moja jioni. Tulitoka Mbezi saa sita mchana. Binti yake alisema mapema mno. Tulipofika Ubungo alikuwa hasemi tena. Saa nane tukawa uwanja wa ndege, Jengo la 3. Kiti cha magurudumu kilitusaidia kwa mengi, maana anayesukuma kiti anapita pembeni ya foleni na msindikizaji anapita naye. Saa tisa na nusu tumeshamaliza mizigo, uhamiaji na ukaguzi, tumekaa tunaangalia ndege. Ukihesabu, kutoka mlangoni Mbezi hadi kuruka ni zaidi ya saa tano, karibu sawa na kuvuka bahari yenyewe, na bado tuko Dar.

Shirika letu la taifa lilianza kuruka Mumbai Julai 2019, kwa Boeing 787-8. Kabla ya hapo wagonjwa wengi niliwapitisha Doha, Dubai, Addis Ababa au Nairobi, na ile sita ilikuwa inageuka kumi, kumi na mbili, wakati mwingine na usiku mzima wa benchi. Kwa mtu wa goti tofauti hiyo ni kubwa.

Dirisha la 787 halina pazia la kushusha. Kuna kitufe chini yake. Unabonyeza, kioo kinaingia ubuluu polepole mpaka kinakuwa cheusi. Mjomba alikibonyeza mpaka jirani akatazama. Nikampa jambo lingine la kufikiria: hewa ya ndani ya ndege hii inashinikizwa ifanane na ya mahali palipo mita kama 1,800, wakati ndege nyingi za zamani hufika mita 2,400. Yeye amezaliwa kwenye mita 1,100 na kitu, kwa hiyo ni mlima mdogo tu anaupanda.

Tuliruka saa kumi na moja na robo. Rubani: saa tano na dakika arobaini na tano angani.

Zanzibar ikapita, Pemba ikapita, halafu maji. Jua lilizama nyuma yetu haraka, kwa sababu tunalikimbia. Kwenye skrini ya kiti kuna ramani na namba zinazobadilika: kimo, mwendo, kilomita zilizobaki. Ukurasa mmoja unaonyesha upepo. Hapo mjomba akavaa miwani.

"Upepo wa mbele?" Akasoma tena. "Mwezi wa saba?"

Kwa mtu wa pwani au wa ziwani aliyesikia habari za majahazi, hilo halikai sawa. Kaskazi, kuanzia Desemba, ndiyo ilikuwa inaleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ndiyo inawarudisha. Manahodha wa bahari waliondoka huku Kusi ikianza, Aprili au Mei, au wakangoja inapofifia mwezi wa nane, maana katikati yake, Juni na Julai, bahari ya upande wa India inachafuka mno. Kwa mwendo wa maili tano kwa saa bila kusimama, zile maili 2,530 ni siku ishirini na moja. Lakini vyovyote, Kusi inakwenda India. Sasa inakuwaje sisi inatupiga usoni?

Jibu ni kwamba tulikuwa juu ya Kusi, mbali sana. Kusi ni upepo wa chini. Unapokaza pale pwani ya Somalia, nguvu yake kubwa iko kilomita moja au mbili tu kutoka majini. Miezi hii bara la Asia limechemka, hadi uwanda wa juu wa Tibet, hewa yake inapanda, na hewa ya baharini inavutwa kwenda kujaza nafasi. Ile iliyopanda haiwezi kurundikana kule juu, inarudi. Kilomita kumi na mbili hadi kumi na tano kutoka ardhini kunapita mkondo mkali wa upepo unaotoka mashariki kwenda magharibi, juu ya kusini mwa India na Bahari ya Arabu hadi Afrika, na wakati wake ni Juni hadi Septemba. Ndege inapita jirani na mkondo huo. Chini majini Kusi inasukuma jahazi kwenda Mumbai, na juu yake, saa hiyo hiyo, kuna upepo unaorudi Afrika.

Nilidhani itabidi nirudie. Mjomba alishaelewa. "Kama ziwani," akasema. Mchana nchi kavu inapata moto, upepo unatoka ziwani kuja pwani. Usiku ziwa ndilo lenye joto, pepo za pwani zote zinaingia ziwani, zinakutana katikati, zinapanda, na ndiyo maana ngurumo mbaya za Victoria ni za usiku. "Mimi nilikuwa natia nanga saa tatu usiku. Vijana wananicheka." Akaegemea.

Ikweta tuliivuka kama saa moja na nusu baada ya kuruka na hakuna aliyetangaza. Ziwani kwetu inakata kaskazini, upande wa Uganda. Mjomba ameshaivuka kwa boti zaidi ya mara moja, kwa hiyo hakusumbuka.

Kilichomsumbua ni injini.

"Ziko mbili tu?"

"Mbili."

"Moja ikizima hapa katikati?"

Ndege za injini mbili zinazovuka bahari hupewa kibali maalumu: lazima iweze kuruka kwa injini moja, na njia inapangwa ili wakati wote kuwe na uwanja unaofikika ndani ya dakika zilizowekwa. Pale katikati, Somalia ikiwa mbali mkono wa kushoto, Salalah ya Oman iko kaskazini na Mahé ya Shelisheli iko kusini, kila mmoja kama saa moja na nusu au zaidi kidogo. Mjomba alitazama ramani, akapima kwa vidole viwili, akasema boti yake ilikuwa na injini moja na kasia. Sikujua kama hilo lilikuwa pongezi au lawama.

Kila baada ya saa nilimwinua. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa bila kujongea inayozidi saa nne inakaribia kuongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa kijana mzima hatari yenyewe ni ndogo hata ikiongezeka. Kwa mzee mwenye goti bovu sikutaka mchezo: anasimama, anashika kiti, ananyanyua visigino, anakaa. Wahudumu walishamzoea.

Mumbai tuliikuta na mvua. Taa zikaonekana, zikapotea, ndege ikaegemea upande mmoja, tukaanza kuzunguka juu ya maji meusi. Dakika ishirini. Uwanja ule una njia mbili za kurukia lakini zinakatizana, kwa hiyo haziwezi kupokea ndege kwa pamoja kama zingelala sambamba. Mvua ikizidi, foleni inakuwa angani. Tulitua saa tano na dakika ishirini usiku kwa saa ya mjomba.

Ijumaa, Mumbai

Simu yangu ilisema saa nane kasoro dakika kumi usiku. Mjomba alilinganisha na saa yake ya mkononi, akahesabu kwa vidole. Tofauti ya saa mbili aliikubali. "Hii nusu inatoka wapi?"

India ni pana, lakini nchi nzima inatumia saa moja, iliyofungwa kwenye mstari wa nyuzi 82 na nusu. Gawa kwa 15, unapata tano na nusu mbele ya saa za Greenwich. Sisi tuko tatu. Aliacha saa yake kama ilivyo. Kwa wiki zote tulizokaa alikuwa anakunywa dawa kwa saa za Nansio na hesabu ya kuongeza mbili na nusu akaifanya kichwani, bila kukosea.

Uhamiaji, alama za vidole, picha, mizigo, rupia, gari. Nje kunanyesha kama mtu anamwaga, na barabarani bajaji nyeusi na njano zimejazana. Bajaji ndiko kwao. Mjomba alizihesabu mpaka akasinzia. Tuliingia chumbani alfajiri, majirani wa korido moja wanatoka Mbeya, mwingine Bujumbura, wote wana mtu wodini, na chai ikaletwa kabla sijavua viatu.

Hospitali sina la kusema. Kazi yao waliifanya. Goti lilibadilishwa, yakafuata mazoezi ya kila siku ambayo mjomba aliyachukia na kuyafanya. Tulikaa mpaka daktari aliporidhika kwamba anaweza kupanda ndege, na hilo halikuwa jambo la siku kumi.

Mwisho wa Agosti, kurudi

Soksi za kubana, dawa ya kuzuia damu kuganda, na barua ya daktari inayosema ndani ya goti kuna chuma, kwa sababu mashine ya ukaguzi italia. Ikalia. Barua ikasaidia.

Rubani: saa tano na dakika ishirini. Mjomba alinitazama kabla sijasema kitu. "Anatusukuma."

Ule ule upepo wa juu. Dakika ishirini na tano za tofauti, njia ile ile, aina ile ile ya ndege. Tuliruka saa kumi na dakika kumi alfajiri kwa saa za Mumbai, tukatua Dar saa moja kamili asubuhi. Anayesoma saa za ukutani peke yake atasema tumevuka Bahari ya Hindi chini ya saa tatu, na wateja wamewahi kuniletea tiketi za namna hiyo wakidhani kompyuta imekosea.

Mchana huo huo tukaunganisha Mwanza. Safari hii mjomba alipanda ngazi mwenyewe, mkono kwenye chuma, vijana wa kiti wakimfuata nyuma kwa adabu. Shangazi alikuwa uwanjani. "Shikamoo" zilikuwa nyingi, sikuandika.

Siku iliyofuata, Kisorya

Daktari alikataza ngazi za meli kwa muda, na zile za meli ya Nansio zinasimama wima. Tukazunguka kwa gari: Bunda, halafu kushoto hadi Kisorya, tuvuke na kivuko kwenda Rugezi. Tulifika kivuko kikiwa ndiyo kwanza kimeondoka.

Kijana mmoja wa mzigo wa soda akamsalimia mjomba, akaona fimbo mpya, akauliza anatoka wapi.

"India."

"Lo! Mbali, mzee."

"Si mbali. Saa tano na dakika ishirini." Mjomba akaangalia saa yake, kisha kivuko kilichoegeshwa upande wa pili. "Hapa nimeshakaa mbili."